Sabuni Juu ya Pilau

Simiyu mwanangu,

Umeenda Kabuchai kumuaga Kukhu, na ninavyomjua mama yangu hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Kwa hivyo nina mchana huu wote wa kukuandikia. Kesho unaenda Kitale kuanza kazi. Mambo ya blanketi, mwavuli na namba ya pasta wa huko utayamaliza na baba yako. Mimi nakuandikia kwa sababu nimekukasirikia tangu Jumapili, na sitaki uondoke nikiwa nimenyamaza, nakufungia mandazi kama mama asiye na neno.

Najua hujui ulichofanya. Tulikuwa tunakula chakula cha kukuaga, mjomba wako Wekesa akakuuliza utawawezaje wafanyakazi wa hoteli, wengine wao wakiwa na umri wa kukuzaa. Ukaweka kijiko chini, ukajibu kama mtu aliyekuwa akilingojea swali hilo: "Mjomba, hawa watu ukiwalegezea kidogo tu wanakumaliza. Dawa yao ni kuwakazia." Watu wakacheka. Baba yako akakupiga begani. Mimi nikainuka nikaenda jikoni, mkadhani nimefuata chai.

Nilisimama kando ya jiko. Maneno yale sikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Niliwahi kuyasikia studioni, mbele ya kipaza sauti, kutoka kwa mtu ambaye mpaka leo nikipita karibu na hoteli yake natazama upande wa pili wa barabara. Wakati huo wewe ulikuwa shule ya bweni. Ulichojua ni kwamba mama alikuwa na kipindi redioni, halafu hakuwa nacho tena. Uliporudi likizo uliniuliza, nikakwambia kipindi kiliisha kama vipindi vingine. Sasa nitakwambia kilivyoisha.

Kipindi kile nilikiomba mwenyewe. Nilitaka kuongea na watu wanaotulisha na kututandikia vitanda, hapa Bungoma na kule Kitale: wapishi, wahudumu wa mezani, wanaosafisha vyumba, walinzi wa getini. Mkuu wa kituo chetu alikubali upesi, na hakunificha sababu. Alifikiri wenye hoteli watafurahi kusikia majina ya hoteli zao hewani, kisha watatuletea matangazo.

Nilianza vibaya. Nilikuwa naingia kwa mlango wa mbele, nimevaa viatu vya kisigino, nauliza meneja kama naweza kuongea na wafanyakazi wake. Meneja ananiitia wale aliowachagua yeye, sare zimepigwa pasi, halafu anasimama pale mlangoni mikono nyuma. Nikimuuliza msichana kazi iko aje, anamtazama meneja kwanza, ndipo anasema kazi ni nzuri, sisi hapa ni kama familia. Naenda hoteli nyingine naambiwa hivyo hivyo. Na mimi nikawa narusha maneno hayo hewani wiki baada ya wiki, nikijiona mtangazaji.

Siku moja nilikuwa sokoni hapa Bungoma nikichagua nyanya, mama mmoja akanisalimu akaniuliza kama ni mimi yule wa redio. Nikasema ni mimi, nikingojea sifa. Akaniambia yeye anaosha vyombo katika hoteli mojawapo niliyoitembelea. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba kipindi changu kikianza wao kule jikoni hufungulia sauti wapate kucheka.

Nilimkasirikia sana huyo mama. Nilirudi nyumbani nikimtukana kimoyomoyo, nikasema watu wengine hawana shukrani. Baadaye nikasikiliza kanda zangu tena, nikasikia mwenyewe. Katika kila jibu kulikuwa na meneja anayepumua.

Basi nikaacha viatu vya kisigino nyumbani, nikaanza kuzunguka nyuma. Kila hoteli ina mahali pa nyuma panapomenywa viazi, na hapo hapana mtu wa kuja kukuuliza una miadi na nani. Nilikuwa naomba kisu, naketi juu ya kreti ya soda, namenya. Nilijifunza kwamba mtu ukimuuliza jambo huku mnatazamana, atakupa jibu la kukufurahisha. Mkiwa nyote mnatazama viazi, anaongea. Akishaongea ndipo namuuliza kama naweza kuwasha mashine ya kurekodi na kumwomba ayaseme tena. Wengine walikubali, wengine wakakataa, na nikajifunza kutowabembeleza.

Nikajifunza pia kuacha lile swali la kazi iko aje. Badala yake niliuliza, "Leo umekula nini?"

Hungeamini jinsi swali dogo kama hilo linavyoweza kumnyamazisha mtu anayefanya kazi mahali penye chakula siku nzima. Mwanamke mmoja anayesafisha vyumba aliniambia alikula nusu ya ndizi iliyoachwa na mgeni, na kwamba aliila bafuni, bomba la maji likiwa wazi ili asisikike akitafuna. Kusikika akitafuna, Simiyu. Mtu mzima, mama wa watoto.

Nikizunguka na swali hilo ndipo nilipompata Barasa.

Barasa alikuwa mpishi mkuu katika hoteli moja kubwa ya Kitale, zile zenye kumbi za semina. Mtu mnene, mpole, anayeongea polepole kama anayehesabu maneno. Hakutaka tuonane hotelini, akaniambia niende nyumbani kwake, huko Kwanza nje ya Kitale, siku yake ya kupumzika. Nilimkuta uani, mahindi yameanikwa kwenye turubai, mkewe akitembea juu yake akiyageuza kwa nyayo. Nikamuuliza swali langu. Hakulijibu. Aliniuliza kama najua chakula cha semina kikibaki kinaenda wapi.

Nikasema labda wafanyakazi wanagawana.

Akatikisa kichwa, akanieleza. Semina ikiisha, trei zinarudi jikoni zikiwa na pilau, kuku, chapati, nyingine hata hazijaguswa. Mwenye hoteli alikuwa ametoa amri kwamba mfanyakazi asionje hata punje. Alisema wakiruhusiwa kula kilichobaki, watapika kingi makusudi ili kibaki. Chakula chao kilikuwa ugali na sukuma wiki iliyochemshwa, na walikula wakiwa wamesimama, wageni wakichelewa kuondoka hawali kabisa. Na ili pasiwe na mtu wa kunyemelea zile trei, mwenye hoteli akaagiza zimwagiwe sabuni ya kuoshea vyombo kabla ya kupelekwa kwenye shimo la taka. Kulikuwa na jirani mwenye nguruwe ambaye zamani alikuwa akija na ndoo kuchukua masalio. Nguruwe waliharisha, akaacha kuja.

"Na wa kumwaga sabuni ni mimi," Barasa akasema. "Nakaanga vitunguu tangu alfajiri mpaka vifike rangi ninayoitaka. Jioni meneja anasimama hapo, mimi nachukua chupa namwagia pilau yangu kwa mkono huu huu."

Nilimuuliza kwa nini ameamua kuniambia sasa, kwa maana jambo hilo lilikuwa limeendelea muda mrefu. Ndipo akanieleza habari za Selina.

Selina alikuwa mhudumu wa mezani, msichana wa umri wako ulivyo sasa, na mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana. Siku ya semina kubwa alihudumu tangu chai ya asubuhi bila kuketi. Mchana, sahani zikirudi, alificha chapati moja ndani ya aproni akaingia nayo stoo, nyuma ya magunia ya unga. Meneja akamkuta anatafuna. Akamshika mkono akamtoa mpaka ukumbini, mbele ya wageni waliokuwa bado mezani, akamwambia afungue mdomo.

Selina akafungua mdomo. Chapati ilikuwa bado mle.

Barasa alisema wageni walitazama, kisha mmoja wao akaomba aongezewe soda. Mwenye hoteli alikuwapo, ameketi meza ya mbele, wala hakuinuka. Alisema tu kwamba huyo aende nyumbani. Na Barasa mwenyewe alikuwa kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi, hakusema kitu.

Nilizima mashine nikamwambia kwamba nikitangaza jambo hili sitatumia jina lake, na sauti yake naweza kuibadilisha. Alikataa. Alitaka jina lake litajwe na sauti yake isikike. Nikamkumbusha kwamba atapoteza kazi. Mkewe, ambaye hakuwa ametia neno tangu nifike, akasimama pale juu ya mahindi.

"Mwache aseme, mama," akaniambia. "Tangu siku hiyo huyu mtu hapati usingizi."

Nikakirusha kipindi hicho. Nilikaa studioni nikifikiri simu zitalia na watu watalia pamoja nazo, Kitale yote itasimama, hakuna atakayekanyaga tena hoteli ile. Simu zililia kweli. Wengine walikuwa na uchungu kama mimi. Lakini mtu wa kwanza kupita hewani alisema wafanyakazi wa hoteli ni wezi, bana, na huyo bosi ana akili. Wa pili akauliza kama huyo msichana ana mume. Nilikaa pale na vipokea sauti masikioni nikiwasikiliza. Nilikuwa nimeamini kwamba watu wakijua, wataona aibu. Huo ndio ujinga mkubwa niliowahi kuwa nao, na nilikuwa mtu mzima.

Barasa alifukuzwa kabla ya jua kuzama.

Mkuu wa kituo akaniambia haki ni haki, na mwenye hoteli naye lazima apewe nafasi ya kujibu. Sikupinga, hata nilifurahi, kwa sababu nilimtaka nimuulize mwenyewe. Akaja amevaa suti, sauti yake laini, akamsalimu kila mtu kwa mkono mpaka mfagiaji. Nyuma yake dereva alikuwa amebeba mahotpoti ya pilau na kuku kwa ajili ya wafanyakazi wa redio. Wenzangu wakala. Waliniita, nikasema nimeshiba, wakanitania kwamba najifanya mtakatifu. Pilau ilinukia vizuri. Sijui ni nani aliyeipika.

Tukaingia hewani. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamuuliza kama ni kweli chakula kilichobaki kinamwagiwa sabuni. Akacheka kidogo, akasema jambo hilo ni la usafi tu, kwamba chakula kilicholala kinaweza kumwua mtu na yeye anawapenda wafanyakazi wake. Nikamuuliza habari za Selina bila kumtaja jina: nani aliamuru binti wa watu afungue mdomo mbele ya wageni, na yeye mwenyewe alikuwa ameketi wapi. Akavuta pumzi kama mzee anayemvumilia mtoto.

"Mama, wewe hujawahi kuajiri mtu," akasema. "Hawa watu ukiwalegezea kidogo tu wanakumaliza."

Nikalipuka. Nilimpigia kelele hewani, nikamwita mnyama, nikamwita na majina mengine ambayo sitaandika hapa. Yeye akanyamaza kabisa mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akasogelea kipaza sauti akawaambia wasikilizaji kwamba wamesikia wenyewe, yeye alikuja kwa amani. Ujumbe ukaanza kumiminika: mtangazaji hana adabu, huyo mama ana shida nyumbani, ati redio imekuwa ya matusi. Hakuna hata mmoja aliyerudi kwenye jambo la Selina. Mtu yule alitoka studioni bila kunijibu, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Watu wengi wameniambia tangu siku ile kwamba hasira ni mbaya, akiwemo baba yako. Sikubaliani nao, na nakukataza usikubaliane nao. Mtu asiyekasirika akisikia habari ya msichana yule, sitaki akae karibu nami. Kosa langu ni kwamba niliitumia hasira yote kutukana, na swali likabaki bila mtu wa kulishikilia. Ningekaa kimya baada ya kuliuliza. Ningeacha kila mtu nyumbani kwake asikie jinsi anavyokosa jibu. Mpaka leo nikiosha vyombo nalirudia swali lile taratibu, na kila mara naliuliza vizuri.

Kipindi kilipewa jina jipya kikawa cha salamu na nyimbo. Mimi nikapelekwa kusoma matangazo ya vifo, kisha nikaacha kazi.

Nilimtafuta Selina. Nilimpata kwao, mtoto ameshazaliwa, amemfunga mgongoni huku anafua. Nilikuwa na mashine yangu mkobani na nilijiambia kwamba safari hii nitafanya vizuri, yeye mwenyewe ataongea, dunia itasikia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakusitisha kufua.

"Ukimaliza utaenda na maneno yangu," akasema. "Mimi nitabaki hapa na mtoto na jina la mwizi. Si uniache tu, mama."

Nikakasirika, Simiyu. Nakwambia ukweli. Nilifikiri, mimi nimepoteza kipindi changu kwa sababu yako. Wazo hilo lilinipitia kichwani nikiwa nimesimama mbele ya mtu aliyefunguliwa mdomo kama mnyama wa mnada. Niliketi nikamsaidia kusuuza nguo. Tukaongea habari za meno ya mtoto, na dawa ya tumbo, na mvua. Nilikuwa nimewahoji watu wengi, na hayo ndiyo mahojiano yaliyonifunza kuliko yote, na hayamo kwenye kanda yoyote. Mtu ana haki ya kutokuwa habari yako. Jina lake nimekutajia wewe peke yako, libaki kwako.

Barasa ana kibanda cha chakula Kamukuywa sasa. Usifikiri mambo yake yamenyooka. Siku ya soko anauza, siku nyingine maharagwe yanabaki na anawapa watoto wanaopita kutoka shule. Nikimtembelea hatuongei habari za zamani. Ile hoteli nayo imejaa, wameongeza ghorofa. Shangazi zako walifanyia huko kamati ya harusi, nilipokataa kwenda wakasema najipa umuhimu. Nilisikia kutoka kwa mtu wa kule kwamba sabuni iliachwa baada ya maneno ya redio. Siku hizi chakula kinapelekwa shimoni kikiwa bado moto, na mlinzi anasimama hapo mpaka kifukiwe. Ndiyo faida ya kazi yangu yote hiyo.

Sasa turudi kwako. Ulisema "hawa watu." Ulisema kwa mdomo wako mwenyewe, na nyama niliyokupikia ikiwa katika sahani yako. Hawa watu ni Barasa. Ni yule mama wa ndizi bafuni. Ni Selina. Najua maneno hayo hukuyabuni, uliyaokota chuoni kama watu wanavyookota kikohozi. Huko walikufundisha kukunja kitambaa cha mezani kikafanana na ndege, na ulikuja ukatuonyesha tukapiga makofi. Sijakusikia hata siku moja ukisema mlifundishwa kumuuliza anayekikunja kama ametia kitu tumboni.

Unaenda kuwa supavaiza. Utakuwa na funguo za stoo na sare tofauti na wengine. Amri mbaya haitakuja ikiwa na sura mbaya. Itakuja katika wiki za mwanzo, wakati bado unataka kupendwa na bosi, na ataitoa mtu anayetabasamu, ataiita utaratibu wa hapa. Itakuwa jambo dogo: mpekue yule mkoba wake, simama hapa uhakikishe, mwambie huyu leo hapumziki. Meneja aliyemshika Selina mkono alikuwa kijana kama wewe. Nilimwona. Alikuwa na uso mzuri, na nina hakika naye ana mama.

Sikutumi ukapigane na mwenye hoteli. Nimepigana na mmoja mimi mwenyewe na nimekwambia ilivyokwenda. Ninachokutaka ni kwamba siku utakayoambiwa umtendee mtu jambo ambalo hungependa nilione, mikono yako ikatae. Useme hapana, kwa sauti ya kawaida, bila matusi. Usieleze sana. Halafu unyamaze, uwaache wao watafute la kusema.

Labda watakufukuza. Baba yako atahuzunika, na mjomba Wekesa ataleta maneno. Hilo lisikutie hofu. Ukifukuzwa kwa sababu hiyo, usije usiku ukinyemelea kama mtu aliyeiba. Njoo mchana, ushukie stendi watu wakikuona, upite barabara kuu na sanduku lako mkononi. Wakikuuliza mbona umerudi, usijibu. Waelekeze kwangu, nitawajibu mimi.

Mama yako, ambaye hasira bado haijamwisha.